Ulimi wa Shingo

Barazani kwa Fundi ilikuwa marufuku kusema "kata shingo". Mengine yote yaliruhusiwa. Ungeweza kumteta diwani, ukalalamikia bei ya unga, ukamwambia hata yeye mwenyewe kwamba stuli zake zinayumba, naye angekusikiliza huku akilipiga msasa gitaa la mtu. Lakini ukilitaja neno hilo ulirudishiwa gitaa lako mkononi, na ili kumwingia tena ilibidi utume wazee.

Namkumbuka kijana mmoja wa bara, mpiga gitaa wa bendi ya hoteli huko Ukunda, aliyefika Msambweni asubuhi moja kwa bodaboda, gitaa mgongoni. Mimi nilikuwa nimeleta kiti kilichovunjika mguu, maana nafundisha chekechea na viti vyetu havidumu. Kijana hakumwamkia mtu.

"Mzee, niko na show leo jioni," alisema. "Hii neck imeinuka, strings ziko juu, vidole vinauma. Si uikate tu halafu uipige gundi?"

Fundi aliendelea na msasa wake.

"Sabalkheri," alisema.

"Eeh, sabalkheri, mzee."

"Shingo hukatwa machinjioni. Shika barabara hii hii. Ukiona mbuzi wamefungwa, umefika."

Nilicheka mpaka nikajifunika leso usoni. Kijana naye alicheka akidhani ni mzaha, kisha akaona kwamba Fundi hacheki, akaondoka na gitaa lake. Wiki ya pili alirudi. Alitoa shikamoo kamili, akasubiri marahaba, halafu akasema kama alivyofundishwa na wenziwe: "Fundi, shingo na tumbo wamegombana."

"Hapo sawa," alisema Fundi, akafuta mikono. "Tuwakalishe watakane radhi."

Hivyo ndivyo alivyosema siku zote. Shingo ya gitaa haikukatwa wala haikung'olewa. Ilitakana radhi na tumbo, kisha ikaondoka. Huku kwetu watu hutakana radhi wanapoagana kwa safari ya mbali, au mmoja wao anapokuwa wa kitandani: nisamehe nilivyokukosea, nami nimekusamehe. Anayekwenda bila hilo amekwenda na mzigo, na anayebaki amebaki na wake. Fundi alilichukua neno hilo la watu akaipa miti, na kwa miaka mingi niliona ni mbwembwe tu za mzee anayependa kusikilizwa.

Kazi yenyewe niliiona mara nyingi. Alitoa nyuzi zote akazikunja vizuri. Ubao wa vidole, pale unapolala juu ya tumbo la gitaa, aliufunika kitambaa kibichi akapitisha pasi ya mkaa, kisha akapenyeza kisu chembamba cha kupakia siagi mpaka ubao ukaachia. Halafu alichomoa kimoja kati ya vile vyuma vidogo vinavyokatiza ubao, na hapo hapo akatoboa tundu jembamba hadi kwenye kiungo cha ndani. Ndani ya tundu alitia sindano ya kujazia mpira pumzi, ile wanayoitumia wachezaji uwanjani. Sindano ilifungwa kwenye neli nyembamba ya mpira, na neli ikafungwa kwenye mdomo wa dele la kahawa lililokuwa likichemka juu ya seredani ya makaa. Mvuke ulipita, ukaingia shingoni, na gundi ya miaka ishirini ikaanza kulainika na kuchuruzika, rangi yake kama asali.

Hapo Fundi alinyamaza, na yeyote aliyekuwepo alinyamaza naye. Mkono wa kushoto aliuweka chini ya shingo, kiganja wazi. Wa kulia aliuweka kifuani mwa gitaa. Hakuvuta. Alinieleza kwamba ndani ya kila shingo mna kipande cha mti kilichochongwa kikaingia kwenye tundu la tumbo, na maseremala hukiita ulimi.

"Hauonekani," alisema. "Mtu atapiga gitaa maisha yake yote asijue kama shingo ina ulimi. Na ndio ulioshika kila kitu."

Ukivuta kwa pupa, ulimi hukatika, nusu ikabaki ndani. Gitaa unaweza kuliunga upya ukalipaka rangi likapendeza machoni, lakini halitakuwa lile. Yeye aliweza kukaa saa nzima kiganja kikiwa chini ya shingo, mpaka mti wenyewe uachie.

Majirani walisema Fundi huwanywesha magitaa kahawa. Dele lile lilikuwa la muuza kahawa mmoja aliyeacha biashara, na mvuke wake haukuisha harufu ya tangawizi hata baada ya miaka. Kwa hiyo magitaa yalitoka kwake yakinuka tangawizi, na chini ya tangawizi palikuwa na harufu nyingine ambayo kila mtu wa mtaa aliijua. Ilikuwa kafuri.

Kafuri ilitoka kwenye kazi yake ya pili. Fundi ndiye aliyekuwa mwosha maiti wetu, upande wa wanaume. Mtu akifa, kabla kilio hakijashika, alitumwa mtu barazani. Fundi aliweka randa chini, akatawadha, akavaa kilemba chake cheupe, akachukua mfuko wenye kata, pamba, kafuri na majani ya mkunazi, akaondoka bila kufunga mlango. Kilemba kile hakumwazima mtu. Mkewe alikifua kila Alhamisi kwa bluu, akakianika peke yake kwenye kamba, na mtoto aliyekigusa kwa mikono michafu alijuta. Alikivaa mahali pawili tu, msikitini Ijumaa na kwenye josho la maiti.

Waliowahi kuingia naye kusaidia walisema kwamba mkono wake wa kushoto ulikaa chini ya shingo ya maiti tangu mwanzo hadi mwisho, kiganja wazi, na kwamba alizungumza na maiti kwa sauti ya chini. "Haya ndugu yangu, sasa tunageuka kulia. Polepole. Maji ni ya uvuguvugu." Mdogo wangu, aliyekuwa akipiga gitaa kwenye hoteli huko Diani, alilalamika kila alipotoka kwa Fundi. "Wageni wananiuliza natumia manukato gani," aliniambia. "Nitawaambia nini, dada? Nanukia marehemu?"

Na muziki wenyewe Fundi hakuutaka. Alisema ni upuuzi unaomla mtu wakati wake wa kumdhukuru Mola. Katika miaka yote hiyo sikumwona akipiga hata nyuzi mbili pamoja. Gitaa aliligonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio kwenye ubao, basi. Kwenye harusi alikula pilau na wenziwe, na gitaa la kwanza likianza kulinganishwa nyuzi alitafuta viatu vyake. Watu wa msikitini waliomsengenya kwamba anawahudumia wapiga ngoma aliwajibu kwamba daktari naye humtibu mlevi.

Ila harusi moja huko Mkongani nilikwenda jikoni nyuma ya nyumba kutafuta maji, nikamkuta amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, mgongo kwa watu. Bendi ilikuwa imeshika moto, na mdogo wangu alikuwa ndani yake. Vidole vya Fundi vilikuwa vikitembea juu ya goti lake, vikikosea, vikirudi. Aliponiona alivikunja.

"Nangojea ukoko," alisema.

"Ukoko umeshaliwa, Fundi."

"Basi nangojea mwingine."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, ukimshika mkia anakukatia kona. Mwanamume aliyewaosha waliookotwa baharini siku ya tatu, ambao ndugu zao wenyewe walishindwa kusogea karibu, aliogopa sindano. Alipotoka jipu mgongoni mkewe alimkokota hospitalini, naye akarudi kwa miguu kabla jina lake halijaitwa. Nilimwambia ajabu yake ni kwamba magitaa ya watu huyatia sindano shingoni kila wiki. "Gitaa halina mama wa kulililia," alinijibu, akageuka upande mwingine ili kiti chake kisiguse jipu.

Na huyo bingwa wa kutakana radhi hakuwa akisemezana na kaka yake. Kaka alikaa Jego, akilima mpunga, na ugomvi wao ulikuwa wa msumeno uliorudishwa umepinda. Nilidhani nataniwa nilipoambiwa. Msumeno. Miaka kumi na mitatu hawakukanyagiana vizingiti. Kaka alipokufa, Fundi alikwenda kumwosha yeye mwenyewe, akakataa msaidizi. Siku ya pili alikuwa amerudi barazani na ametia dele motoni. Nilikuwepo. Hakungoja mvuke ufanye kazi yake. Alivuta, tukasikia mlio, na shingo ikamjia mkononi bila ulimi. Ndiyo mara ya pekee niliyomwona akivunja ulimi wa gitaa la mtu. Aliufunga mlango akaenda kulala mchana, na mwenye gitaa akalipwa jingine.

La maiti hakulisema. Mji wetu ni mdogo na watu wake wana masikio, na akifa mtu mwenye jina kila mmoja hutaka kujua uso ulikuwaje, uling'aa au ulisawijika, mwili ulikuwa mwepesi au mzito. Walimjia na vitafunio, walimjia na maneno matamu. Bibi mmoja alimwambia, "Siri ya mtungi muulize kata, nasi tumekuja kuiuliza."

"Hiyo kata ya mtungini," alisema Fundi. "Kata ya josho haina mdomo."

Na alipobanwa zaidi alisema lile ambalo kila mtu hulisema, ila yeye alilisema kama anayesoma barua aliyoandikiwa: mwosha huoshwa. Nikiyatoa yenu leo, kesho atakayeniosha atayatoa yangu. Mwezi uliopita naye alioshwa. Aliyemwosha hajafungua kinywa, nami sikumuuliza.

Zamani ningeuliza. Mimi ndiye niliyemsumbua Fundi kuliko wote, na sasa nieleze kwa nini.

Miaka ile ya maradhi, hoteli za Diani zilipofungwa, bendi ya mdogo wangu ilivunjwa. Wenziwe walirudi kwao. Yeye alibaki, akaombwa aiangalie stoo ya vyombo mpaka wageni watakaporudi, na wageni hawakurudi. Alinipigia simu Jumanne moja mchana, nikiwa na watoto arobaini waliokuwa wakipiga kelele. Alisema amebuni kitu kipya kwenye gitaa na anataka nikisikilize. Nilimwambia: "Gitaa si kazi. Mama anazeeka, na wewe unavipigia nyuzi viti vitupu. Usinipigie mpaka uwe na la maana la kuniambia."

Alisema, "Haya, dada." Sauti yake haikuwa na hasira. Ningependa ingekuwa nayo.

Siku ya nne walimkuta kwenye sakafu ya stoo, ngazi imelala ubavuni mwake. Askari walikuja, wakaandika kwamba ameanguka ngazini. Tulimleta nyumbani Msambweni akazikwe alasiri ile ile.

Kwa kawaida Fundi aliwaita wanaume wawili watatu wa jamaa waingie naye kwenye josho, kwa sababu ni haki yao na kwa sababu maiti ni mzito. Siku hiyo alimshika mjomba begani akamkalisha nje. "Niachieni," alisema. Akaingia, akatia komeo. Alikaa muda mrefu mpaka imamu akatuma mtu kuuliza. Tulipoitwa wanawake kumwangalia kwa mara ya mwisho, uso ulikuwa wazi, umetulia, umepakwa kafuri. Lakini sanda ilikuwa imepanda mpaka chini ya kidevu, imekazwa, nene. Nimeona maiti wengi wa kwetu. Sanda huachwa wazi kidogo kifuani mpaka watu wamalize kuaga, ndipo hufungwa. Mama aliinama akambusu kipajini, hakuona kitu. Mimi niliikodolea macho ile nguo shingoni. Fundi alisimama kichwani pa maiti, amevaa kofia yake kuukuu ya kazini, akaniangalia, kisha akaufunika uso kwa sanda.

Tangu siku ile nilitaka kujua jambo moja. Kama alianguka, ni ajali, nami nitamlilia kama dada yeyote anavyolia. Kama hakuanguka, basi maneno yangu ya Jumanne yalikuwemo mle stoo pamoja naye. Na hapa kwetu mtu mmoja tu ndiye aliyeiona shingo ile.

Nilimuuliza kwa upole. Nilimuuliza kwa kumpelekea mahamri. Nilimuuliza siku moja mbele ya mkewe kwa sauti ya kugombana, jambo ambalo bado linanitia haya. Yeye, ambaye aliapa kutwa juu ya mbao, wallahi huu ni mvule, wallahi hii haina wadudu, nilimwomba aape mara moja tu kwamba mdogo wangu alianguka.

"Mimi siapi," alisema.

"Unaapa kila siku, Fundi."

"Kwa mbao."

Nilimchukia. Nasema kweli. Nilipita mbele ya baraza yake nimegeuza uso, na viti vya chekechea nikavipeleka kwa fundi mwingine aliyevifunga kwa waya.

Katika kipindi hicho ndipo hoteli ilipoturudishia gitaa la mdogo wangu. Kiungo kilikuwa kimefunguka, shingo inacheza, na ukiangalia kwa pembeni unaona ufa mweusi kati ya shingo na tumbo. Ningempelekea Fundi, ila nilikuwa nimenuna. Nikaenda dukani nikanunua gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa, ya kubandikia vyuma, nikaimimina yote ndani ya ufa, nikakaza kwa leso na mshipi. Nilikuwa nikilia na kukaza. Asubuhi lilikuwa jiwe, na shingo imekaa upande.

Nilipoteremsha kiburi nikampelekea, alilipokea kwa mikono miwili. Akaligonga. Akalinusa. Sijawahi kumwona amekasirika vile.

"Umemfunga mdomo," alisema. "Gundi ya seremala, mwanangu, huwa na akili, ukiibembeleza hurudi nyuma. Hii haijui kusamehe."

"Basi haiwezekani?"

Alinirudishia gitaa mkononi. Ndilo jibu lake. Nikalitundika ukutani chumbani kwa Mama, na Mama akawa akilipangusa vumbi kila Alhamisi kabla ya kumsomea mwanawe Yasini. Mama alikuwa na ngazi yake. Kadiri miaka ilivyokwenda aliijenga ngazi ile kwa maneno, kipandio kwa kipandio, cha tatu kilichooza, miguu isiyo sawa, mpaka wageni wa msiba wakawa wakiijua kuliko ngazi za nyumbani kwao. Alipokuwa akiizungumza nilitoka nje.

Mwaka huu, baada ya masika, mke wa Fundi alikuja shuleni. Alinisubiri chini ya dirisha mpaka watoto walipotoka. "Anakuita," alisema. "Njoo na gitaa."

Nilimkuta barazani, ameegemezwa mito kwenye kitanda cha kamba. Alikuwa amekwisha. Mikono ilimtetemeka hata ikiwa imelala. Josho alikuwa ameshamwachia mwingine, na vifaa vyake vilikuwa vimefungwa kwenye gunia. Nilitoa shikamoo, akaiitikia kwa shida.

"Kazi yako niliirudisha," alisema. "Sitaki kuondoka nimerudisha kazi ya mtu. Leo utafanya wewe. Mimi nitasema."

"Ulisema haiwezekani."

"Sikusema. Nilinyamaza tu."

Mkewe alipepea seredani. Nilitoa nyuzi. Niliweka kitambaa nikapitisha pasi, nikapenyeza kisu, na kila hatua alinisahihisha kwa neno moja: taratibu, chini, acha. Dele lilichemka, sindano ikaingia, mvuke ukatoka kwenye nyufa na gundi haikujali. Akaniambia niuchomeke msumari mrefu kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, niutie tunduni, nitoe, nirudie. Tulirudia tangu adhuhuri mpaka alasiri. Gundi ilianza kunuka vibaya. Ikalainika kidogo, kama nta.

"Weka mkono wa kushoto chini ya shingo," alisema. "Kiganja wazi. Usivute."

Niliweka. Sikuvuta, Mungu ni shahidi wangu. Niliinua tu kwa uzito wa kiganja, nikihisi mti ukitaka kuja na usije. Kisha tukasikia mlio mkavu, na shingo ikanijia mkononi.

Niliigeuza nikaangalia. Mahali pa ulimi palikuwa na jeraha jeupe la mti. Nusu ilikuwa imebaki ndani ya tumbo, imezungukwa na gundi ya manjano.

"Umebaki," alisema Fundi.

"Ni gundi yangu."

"Ni gundi yako," alikubali. Hakuwa mtu wa kukufariji kwa uongo.

Nilikaa chini sakafuni na kile kipande mapajani, nikalia, na hakuna aliyeninyamazisha. Nilikuwa nimeapa sitamuuliza tena la mdogo wangu, na sikumuuliza. Nilipofuta macho nilimwona tu alivyokuwa, mzee mwenye kofia iliyotoboka, na kwa kutafuta la kusema nikasema: "Fundi, kile kilemba chako kilikwenda wapi? Hata Ijumaa ulikuwa huvai tena."

Mkewe aliacha kupepea.

Fundi alinitazama.

"La maiti siulizwi," alisema. "Lakini kilemba kilikuwa changu. Hilo naweza kukujibu."

Niliweka kile kipande sakafuni.

"Nilimvisha nduguyo. Si kichwani."

Makaa yalipasuka ndani ya seredani. Nilijua basi. Nilikuwa nimejua tangu ile sanda, lakini kujua mwenyewe na kupewa na mtu ni mambo mawili. Niliona maneno yangu ya Jumanne yote, moja moja, na viti vitupu nilivyomtupia. Niliona pia mtu mzima amejifungia komeo na maiti, anafungua kilemba chake alichokifulisha kila Alhamisi, anakizungusha taratibu juu ya alama ya shingoni, kiganja cha kushoto kikiwa chini, ili mwanamke mmoja aweze kumbusu mwanawe kipajini bila kuona kitu.

"Na nilimtaka radhi kwa niaba yenu," alisema Fundi. Sauti ilikuwa inamwishia. "Maiti wote mimi huwaambia hivyo: Wa nyumbani kwako wanakutaka radhi. Hakuna aliyewahi kunijibu. Hata kaka yangu. Lakini mtu husema."

Nilimbusu mkono. Ulinuka kafuri bado, au nilidhani hivyo.

Nilirudi kwa njia ya mikorosho, gitaa vipande viwili ndani ya leso. Pale ambapo hapakuwa na mtu nilisimama nikamtaka radhi mdogo wangu kwa sauti, kwa jina lake, kama mtu anavyomwambia aliye kitandani. Nilisema yote ya ile simu. Hakuna aliyenijibu mimi pia, nikaendelea na njia.

Mama alikuwa amekaa kizingitini na tasbihi yake. Aliuona ukuta mtupu, alikuwa akinisubiri.

"Fundi amesemaje?"

"Amesema ulimi umekatika, Mama. Hautengenezeki."

Alichukua kile kipande cha shingo, akakipapasa, akakilaza mapajani. Kisha nikamsikia akianza, kama kila siku.

"Ile ngazi," alisema. "Kipandio cha tatu. Angekuwepo mtu wa kumshikia tu."

Siku hiyo sikutoka nje. Nilikaa karibu naye.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Ngazi ilikuwa mbovu."